Gundagai: Mji Uliohamia Mlimani

Ukiifungua ramani ya Australia, msomaji, ukautafuta mji wa Sydney katika pwani ya mashariki, kisha ukateremsha kidole chako polepole kuelekea kusini-magharibi kwa njia iendayo Melbourne, kitapita juu ya majina mengi yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Mojawapo ni Gundagai. Ni mji wa watu wapatao 2,000 tu, nao uko kando ya mto Murrumbidgee, karibu kilomita 390 kutoka Sydney kwa barabara. Hauna bandari wala chuo kikuu, na hakuna mfalme aliyepata kukaa hapo. Yamkini utauliza, basi mji kama huo una historia gani ya kumpotezea mwanafunzi wakati wake? Jibu langu ni hili: historia ya taifa kubwa ni kama msitu, ambao ukiutazama kwa mbali huoni ila rangi ya majani, lakini mji mdogo ni mti mmoja, waweza kuuzunguka na kuona tawi gani limechanua na tawi gani limekatwa. Katika Gundagai twaweza kuona waziwazi jambo ambalo katika miji mikubwa hufichika, yaani ni nani huwekewa sanamu, na ni nani hungojeshwa.

Kabla haujakuwapo mji palikuwapo watu. Nchi ile yote, tangu Murrumbidgee mpaka mito ya Lachlan na Macquarie upande wa kaskazini, ni nchi ya Wawiradjuri, mojawapo ya mataifa makubwa ya wenyeji wa asili wa Australia. Mto ulikuwa ghala lao na njia yao. Walivua samaki humo, na walivuka kwa mitumbwi ya magome ya miti. Mtumbwi wa namna hiyo haukuchongwa katika gogo kama mitumbwi tuijuayo sisi. Fundi alichagua mti mkubwa wa jamii ya mkaratusi, mti ambao asili yake ni huko Australia na ambao pengine umeuona kando ya shule yako. Akakata gome lake kwa umbo la mtumbwi, akalibandua zima zima, akalipasha moto ili lipindike, kisha akalifunga ncha zake. Mti haukufa. Ulibaki na kovu refu ubavuni, na miti yenye makovu hayo ingali ikionekana katika nchi ya Wawiradjuri hata leo. Chombo hiki kilikuwa chepesi na kilihitaji mtu anayejua vizuri kujisawazisha majini. Nakuomba ukikumbuke, kwa maana tutakutana nacho tena.

Mwaka 1829 mpelelezi Mwingereza, Charles Sturt, alishuka na mto huo akielekea magharibi. Baada yake wakaja wafugaji na makundi ya kondoo na ng'ombe, wakajitwalia malisho pasipo kumwuliza mwenyewe. Haikuwa amani. Mnamo mwaka 1824, upande wa kaskazini wa nchi hiyo hiyo ya Wawiradjuri, palipo mji wa Bathurst, gavana alikuwa ametangaza sheria ya kijeshi, na wenyeji wengi waliuawa. Basi watu tutakaowasoma hapa hawakuwa majirani walioishi kwa mapatano ya siku nyingi. Walikuwa wenye nchi, na waliowanyang'anya nchi.

Watu waliokuwa wakisafiri baina ya Sydney na nchi ya kusini walihitaji mahali pa kuvukia Murrumbidgee, na mahali pazuri palikuwa hapo. Magari yaliyokokotwa na maksai, yamejaa sufu na unga na vyombo, yalifika ukingoni yakangoja zamu. Penye kungoja huhitajiwa chakula, na penye chakula huhitajiwa malazi. Basi pakaota duka, pakaota nyumba ya wageni, akaja mhunzi wa kupigilia maksai na farasi viatu. Mwaka 1838 serikali ikautangaza mji rasmi, ikapima viwanja, ikaviuza. Viwanja hivyo vilikuwa katika uwanda wa chini kabisa, baina ya mto mkubwa na kijito kiitwacho Morleys Creek. Kwa mwenye maksai na mizigo, mahali hapo palikuwa na kila raha: maji karibu, majani karibu, kivuko karibu.

Wawiradjuri waliwaonya walowezi kwamba mto ule hufurika, na ya kuwa mahali pale si mahali pa kujenga. Wao wenyewe walipiga kambi zao bondeni na kuhama kwa majira, wala hawakuweka chochote hapo ambacho hakikuweza kubebwa. Lakini wasikilizaji walikuwa na hati za viwanja mikononi, zenye muhuri wa serikali, na neno la mtu asiyeandika halikuwa na uzito mbele ya karatasi. Nisikilize vizuri hapa. Walowezi hawakuwa wajinga kuliko watu wengine. Walikuwa wamelipa fedha zao, wamejenga, wana biashara inayokwenda. Mwaka 1844 mto ulifurika, watu wakapanda darini kujiokoa. Ndipo wakaiomba serikali iwabadilishie viwanja, iwape vingine mlimani. Serikali ikakataa. Fikiri hali ya mtu maskini aliyekwisha kutia akiba yake yote katika kiwanja kimoja: afanye nini? Alikausha vyombo vyake, akarudi ndani. Wengine wakajenga madari imara zaidi, wakidhani kwamba maji yatakayokuja hayatapita kimo cha yale yaliyokwisha kuja.

Mwaka 1851 dhahabu ikagunduliwa katika makoloni yale, na njia ya Gundagai ikajaa watu kuliko zamani. Ndiyo maana mwaka uliofuata, mwaka wa msiba, mji ulikuwa na wakazi wapatao 250 na nyumba za kutosha, na huenda ulikuwa ukijiona umekwisha kukua.

Sasa tufike kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa tarehe 24 Juni 1852. Nchi ya Australia iko kusini mwa dunia, hivyo mwezi wa Juni huko ni kipindi cha baridi kali. Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku nyingi milimani ambako Murrumbidgee hutoka. Maji yalipanda jioni, na watu wakafanya kama walivyofanya mwaka 1844: wakapanda darini, wengine juu ya mapaa. Lakini safari hii mto haukukoma mahali pa zamani. Kijito cha Morleys nacho kilifurika nyuma ya mji, na waliotaka kukimbilia mlimani wakakuta njia imefungwa. Mji ukawa kisiwa, kisha kisiwa chenyewe kikazama. Gizani nyumba zikaanza kung'oka moja baada ya moja, pamoja na watu waliokuwa juu yake. Walioweza kushika matawi ya miti walishika, wakaning'inia humo wamelowa, katika baridi ile, hawajui kama mti nao utasimama mpaka asubuhi.

Walikuwapo karibu Wawiradjuri kadhaa, na majina ya wawili yamehifadhiwa vizuri kuliko ya wengine: Yarri na Jacky Jacky. Wengine wanaotajwa ni Long Jimmy na Tommy Davis. Yarri alikuwa na mtumbwi wa gome. Hicho ndicho chombo nilichokuomba ukikumbuke. Juu ya mto uliofurika, unaopita kwa nguvu na kubeba magogo na mbao za nyumba, mtumbwi huo uliweza kuchukua abiria mmoja tu. Kwa hiyo Yarri alikwenda mpaka penye mti au paa, akampakia mtu mmoja aliyekufa ganzi kwa baridi, akamwambia asitikisike, akarudi naye nchi kavu. Kisha akageuka akaenda tena. Alifanya hivyo usiku na mchana. Watu aliowaokoa huhesabiwa kuwa 49. Hesabu maana yake, mwanafunzi: ni safari arobaini na kitu za kwenda na kurudi, na katika kila safari mtumbwi ungeweza kupinduka. Jacky Jacky alipata mashua ya makasia, akawaokoa watu 20. Wawili hao peke yao waliwatoa majini watu 69, yaani zaidi ya robo ya mji mzima.

Waliokufa hawakupungua 78, na wako wanaohesabu zaidi ya 80, kwa maana wasafiri waliopita hapo hawakuwa katika daftari la mtu yeyote. Basi mtu mmoja katika kila watatu alipotea. Majengo yapatayo 70 yalibomolewa, na zilizobaki zimesimama ni nyumba tatu tu. Katika historia yote ya Australia iliyoandikwa, hakuna gharika ya mto iliyoua watu wengi kuliko hiyo mahali pamoja.

Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mambo yalikuwa kinyume: mgeni alikuja, na mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni. Kwa nini Yarri alifanya vile? Watu wengi wamejaribu kumsemea, na kila mmoja amemtia kinywani maneno aliyoyapenda mwenyewe. Mimi sitamsemea. Hakuacha maandishi, naye hakuulizwa na mtu aliyekuwa tayari kuandika jibu lake. Kitendo tunacho, nacho chatosha kuheshimiwa bila kutafutiwa maelezo.

Mwaka uliofuata, 1853, mto ulipanda tena, na safari hii ukapita hata kimo cha 1852. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kuondoka bondeni. Mji ulijengwa upya juu, upande wa kaskazini katika mteremko wa mlima ambao walowezi waliupa jina Mount Parnassus, na upande wa kusini ng'ambo ya mto. Parnassus ni mlima wa Wagiriki, uliosifiwa zamani kuwa makao ya watunzi wa mashairi. Kwa hiyo wapimaji walitia barabara majina ya watunzi: Homer, Virgil, Byron, Sheridan. Barabara ya Sheridan ndiyo yenye maduka hadi leo. Yanistaajabisha majina hayo. Watu walikuwa wamejifunza kwa gharama kubwa kwamba mwenyeji aijua nchi yake, lakini walipopanda mlimani mwake, walitafuta majina Ugiriki na Uingereza.

Na shukrani je? Yarri na Jacky Jacky walipewa mabamba ya shaba yenye majina yao, ya kuvaliwa shingoni na kuning'inia kifuani. Pia ilikubaliwa kwamba waweza kuwadai wakazi wa mji peni sita, yaani nusu shilingi. Yafikiri mambo hayo mawili. Bamba la kifuani lilikuwa desturi ya wakoloni kwa wenyeji waliowapenda, na aliyelivaa alitambulika kwa mbali kama chombo chenye nambari. Na haki ya kuomba nusu shilingi mlango kwa mlango, katika nchi iliyokuwa yake yote! Yarri alikufa katika hospitali ya Gundagai mwaka 1880. Karne ile ilipokaribia kwisha, Wawiradjuri wengi wa sehemu zile waliwekwa Brungle, kati ya Gundagai na Tumut, chini ya usimamizi wa serikali. Hata katika katiba ya Australia palikuwapo kifungu kilichokataza wenyeji wa asili wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi. Kifungu hicho kiliondolewa kwa kura ya wananchi mwaka 1967.

Mji wenyewe, ukiwa salama mlimani, uliendelea kuishi. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kulivuka bonde lililoutesa. Daraja la Prince Alfred lilifunguliwa mwaka 1867, la chuma juu ya mto, na juu ya uwanda likaunganishwa na daraja refu la mbao lililokaribia kilomita moja, ili magari yapite hata maji yakijaa. Reli ikafika mwaka 1886, nayo baadaye ikajengewa daraja lake la mbao sambamba na lile. Basi bonde la mji wa kale likabaki malisho, na juu yake ile misitu miwili ya nguzo.

Twaujua mji wa wakati huo kwa uso wake, kwa sababu ya daktari mmoja aliyependa kupiga picha. Dakta Charles Louis Gabriel alifika Gundagai mwaka 1887 akatibu watu hapo kwa muda mrefu. Kati ya mgonjwa na mgonjwa alipiga picha za kila kitu: farasi, wauguzi, mafuriko, wachezaji, watoto barabarani, wanawake waliovaa kofia za sherehe. Mamia ya vioo vya picha zake yamehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Australia. Yako pia mambo ya wanyang'anyi wa porini na kesi zao katika mahakama ya mji, lakini hayo yamekwisha kupigiwa ngoma vya kutosha, nitayapita.

Ukimwuliza Mwaustralia leo kuhusu Gundagai, hatakutajia gharika kwanza. Atakutajia mbwa. Wasafiri wa magari ya maksai walikuwa na hadithi na mashairi ya mzaha juu ya mbwa aliyekaa juu ya sanduku la chakula la bwana wake, kilomita chache nje ya mji. Katika kusimuliwa, mbwa huyo akawa mfano wa uaminifu: alilinda sanduku, na bwana wake hakurudi. Mwaka 1932, wakati wa shida kuu ya fedha duniani, watu wa Gundagai walifanya sherehe ya kuwaita nyumbani wana wa mji waliotawanyika, wakasimamisha sanamu ya mbwa huyo. Iliyachonga mikono ya Frank Rusconi, fundi wa mawe wa hapo hapo, na Waziri Mkuu Joseph Lyons akaja kuifunua tarehe 28 Novemba. Fedha zilizopatikana zilikwenda kuisaidia hospitali. Jambo hili si la kudharauliwa: mji maskini, mwaka wa njaa, ulipata njia ya kuwatibu wagonjwa wake kwa hadithi. Rusconi huyo huyo alitumia miaka 28 akiunganisha vipande 20,948 vya marumaru kuwa jengo moja dogo la urembo lenye kimo cha mita 1.2. Miaka kumi kabla ya sanamu, 1922, Jack O'Hagan alikuwa ametunga wimbo juu ya njia iendayo Gundagai, ukaimbwa Australia nzima. Na mtunzi, alipoutunga, hakuwa amepata kuuona mji wenyewe.

Sifa hizo zilileta wasafiri, na wasafiri walileta riziki. Katika barabara ya Sheridan, Wagiriki waliohamia Australia waliendesha mkahawa uitwao Niagara, na usiku mmoja wa mwaka 1942, wakati wa vita, Waziri Mkuu John Curtin aliyekuwa njiani alihudumiwa chakula humo. Ndipo ulimwengu wa magari ya haraka ukaja kudai njia iliyonyoka. Mwaka 1977 lilifunguliwa Daraja la Sheahan, na barabara kuu ikauacha mji kando. Mwaka 1984 mafuriko yaliiharibu reli ikafungwa. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ikaliunganisha baraza la Gundagai na lile la Cootamundra, na wenyeji wengi wakalalamika kwa nguvu kwamba sauti yao imemezwa. Mji uliopata kuwakatalia wengine ushauri wao ulikuwa sasa ukijifunza uchungu wa kutosikilizwa.

Hata hivyo katika miaka hiyo hiyo mji ulikuwa ukikusanya fedha kwa ajili ya shaba nyingine. Mwezi wa Juni 2017, ilipotimia miaka 165 tangu gharika, watu walikutana katika barabara ya Sheridan, Wawiradjuri na wazao wa waliookolewa, wakafunua sanamu ya Yarri na Jacky Jacky pamoja na mtumbwi wa gome. Fanya hesabu tena, mwanafunzi: mbwa alingoja miaka 80 baada ya gharika ndipo akawekewa sanamu, watu walingoja 85 zaidi baada ya mbwa.

Mwaka 2021 mwandishi Anita Heiss, ambaye ni Mwiradjuri, alitoa riwaya iliyoanzia katika gharika ile, na jina lake juu ya jalada liliandikwa kwa Kiwiradjuri: Bila Yarrudhanggalangdhuray. Mwaka huo huo daraja refu la mbao la Prince Alfred, lililokwisha kuoza na kuwa hatari, lilibomolewa. Sehemu ya chuma juu ya mto imeachwa. Ukisimama barabarani Sheridan leo na kutazama chini, utaona uwanda wazi wenye majani, mahali pale pale palipokuwa na nyumba 70, na ng'ombe wakilisha hapo mpaka mto utakapoutaka tena.